Padre Alipokuwa Mbali: Historia ya Sala ya Kila Siku katika Nyumba za Wakatoliki wa Afrika Mashariki

Mtoto wa nyumba ya Kikatoliki, awe wa Bukoba, Masaka au Machakos, hujifunza Ishara ya Msalaba kabla hajajua padre ni nani. Bibi humshika mkono wa kulia, akaupeleka kwenye paji la uso, kifuani, kisha bega hadi bega, na kwa muda mrefu mtoto hukosea bega la kuanzia. Baadaye huja Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya chakula, sala ya kulala. Akifika umri wa kwenda mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanyika jikoni na kitandani.

Hali hii haikuja yenyewe. Ina historia ya zaidi ya miaka 150, na ndani yake kuna jambo linalojirudia ambalo vitabu vya kumbukumbu vya majimbo, vilivyojaa majina ya maaskofu na tarehe za kuweka mawe ya msingi, hulipita haraka. Waumini wa kwetu walikomaa kiroho hasa katika vipindi ambavyo padre hakuwepo. Kila alipoondolewa na mfalme, vita, umbali au maradhi, watu walilazimika kujua wanasali nini, lini, na nani anaongoza. Palipokuwa na mazoea ya kila siku, imani ilivuka. Yalipokosekana, ilizama pamoja na jengo.

Ngome na kijiji, 1498–1877

Ukatoliki ulifika pwani yetu mara mbili, na mara ya kwanza haukukaa. Wareno waliingia mwaka 1498. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, na watawa Waaugustino wakaweka nyumba yao Mombasa. Palikuwa na Misa, maandamano na ubatizo wa wakubwa. Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, alirudi kutawala akiwa Mkristo, kisha mwaka 1631 akauasi utawala wa Wareno. Wakristo wengi waliuawa, Waafrika kwa Wareno, na wapo waliokubali kufa kuliko kuikana imani. Kumbukumbu yao inastahili heshima kubwa kuliko inavyopewa.

Wareno walirudi, lakini mwaka 1698 ngome iliangukia mikononi mwa Waomani, na baada ya hapo hapakubaki Mombasa jumuiya ya wenyeji iliyoendelea kusali kizazi baada ya kizazi. Dini ilikuwa ya ngome. Ilikuwa na makasisi na mizinga, lakini haikuwa na bibi wa kumshika mtoto mkono.

Mara ya pili ilianza Desemba 1860, Padre Armand Fava alipotia nanga Zanzibar akitokea kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre na masista wachache. Mwaka 1863 kazi ilipokelewa na Mapadre wa Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Huko waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakiwemo walionunuliwa katika soko la Zanzibar kabla halijafungwa mwaka 1873. Walipanda minazi na miembe, wakajenga karakana na shule, wakayapanga maisha ya siku nzima kwa kengele: kuamka, kusali, kwenda shambani, katekisimu, kusali tena, kulala. Vijana walipooana walipewa nyumba na kiwanja katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni.

Utaratibu ule ulikuwa mkali. Watu waliokwisha kuonja utumwa walijikuta tena chini ya ratiba ya mwingine, na wako walioondoka wakatafuta maisha yao mahali pengine. Lakini ni katika kijiji hicho ambamo mume na mke Waafrika walikaa jioni nyumbani kwao wakasali kama familia ya Kikristo bila padre kusimama mlangoni. Misheni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, mapadre walikwenda na familia changa kutoka Bagamoyo. Walikuwa wamegundua kwamba familia moja inayosali yenyewe huifundisha nchi mpya jambo ambalo mahubiri hayalifikishi.

Miaka mitatu bila padre, 1878–1887

Kardinali Lavigerie wa Algiers, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika tuliowazoea kwa jina la White Fathers, alikuwa na wasiwasi na ubatizo wa haraka. Aliweka kanuni iliyowashangaza hata wamisionari wenzake: anayetaka kuwa Mkatoliki angoje miaka minne, miwili ya mwanzo kama mtu anayeomba kupokelewa na miwili kama mkatekumeni. Sababu yake ilitoka katika Kanisa la karne za kwanza. Aliamini kwamba mtu hawi Mkristo kwa kukubali hoja. Huwa Mkristo kwa kuzoea, na mazoea yanahitaji muda.

Msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878, na Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda kwa Kabaka Mutesa. Mwaka 1880 wakabatiza wachache. Kisha Novemba 1882, hali ya ikulu ikiwa ya hofu, mapadre wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Nyuma yao waliacha Wakristo wachache waliobatizwa juzi na wanafunzi ambao hawajabatizwa. Hawakurudi hadi Julai 1885, Mutesa akiwa amekwisha kufa na mwanawe Mwanga akiwa kwenye kiti.

Katika miaka ile karibu mitatu hapakuwa na Misa wala kitubio. Walichokuwa nacho ni sala walizozikariri, mafundisho waliyoyashika na wao kwa wao. Joseph Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ndani wa ikulu, aliwakusanya vijana wa kabaka. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa kabaka, aliwafundisha watu nyumbani kwake. Huko Mityana, kiasi cha kilomita 70 magharibi mwa Kampala ya leo, walikuwepo Matias Kalemba Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, fundi wa vyungu. Kalemba alikuwa mtu mwenye cheo. Aliwaacha huru watumwa wake, akabaki na mke mmoja, na akaanza kubeba mizigo yake mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa hadhi yake lilikuwa aibu mbele ya majirani. Mapadre walipokuwa nchini alitembea njia yote ile kwenda kupokea sakramenti. Walipokuwa hawapo, Jumapili ilisaliwa nyumbani.

Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wengi kuliko waliowaacha. Hili nadhani ndilo jambo kubwa zaidi katika historia nzima ya Ukatoliki wa Maziwa Makuu, na huwa tunalipita mbio ili tufike Namugongo, mashahidi walikochomwa. Tunapenda kuanza na moto. Lakini vijana waliosali njiani wakielekea kuchomwa walikuwa wamezoea kusali walipokuwa wakifagia na kuhudumu ikulu, miaka hiyohiyo ambayo hapakuwa na mtu wa kuwasimamia. Mwanga alipowageukia Wakristo, Joseph Mukasa aliuawa Novemba 1885. Mwishoni mwa Mei 1886, usiku wa kuamkia safari ya kifo, Karoli Lwanga, mmoja wa vijana hao wa ikulu, aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni wanne, Kizito akiwa mmoja wao, na tarehe 3 Juni kundi kubwa likachomwa Namugongo. Kalemba alikatwa viungo akaachwa kilimani afe polepole. Mawaggali aliuawa Mityana, na dada yake Munaku, aliyejitokeza kwa wauaji akisema naye ni Mkristo, alichukuliwa mateka. Alipokombolewa aliishi miaka mingi akiitumikia misheni bila kuolewa, na wanawake wengine wakafuata mfano wake.

Mashahidi 22 wa Kikatoliki waliotajwa rasmi wote ni wanaume, na wote isipokuwa wachache sana walikufa wakiwa vijana. Munaku hayumo, kwa kuwa hakufa siku ile. Yeye alipewa sehemu ndefu zaidi.

Katekista, 1885–1926

Kutoka Buganda na Bukumbi utaratibu wa Lavigerie ulienea: Bukoba, Tabora, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo. Parokia moja ilikuwa na eneo la siku kadhaa za kutembea, na mapadre wawili au watatu wenye homa. Mtu aliyeijaza nafasi hiyo ni katekista.

Mfano wake mkubwa upande wa Tanganyika ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika kituo ambacho Wabelgiji walikuwa wamewakabidhi White Fathers mwaka 1885. Alikaa hapo hadi kufa kwake mwaka 1956. Kwa zaidi ya nusu karne alitibu vidonda, akafundisha dini, akalea familia, na mmoja wa wanawe akawa padre. Kwa Atiman, kliniki na sala havikuwa sehemu mbili za siku. Watu wa Karema walimjua kama mtu mmoja tu, akiosha jeraha au akiongoza rozari.

Makatekista wengi hawakuwa na elimu kama yake. Walikuwa wakulima waliojua kusoma, wenye katekisimu ya maswali na majibu na kengele, au kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Waliamsha kijiji kwa sala ya asubuhi, wakafundisha watoto kusoma ndani ya kibanda cha nyasi, wakabatiza wanaokufa, wakazika. Adhuhuri waligonga Malaika wa Bwana na watu walisimama shambani na majembe mikononi.

Uimara wao ulipimwa na vita. Kusini, Wabenediktini wa Ujerumani, waliofungua Peramiho mwaka 1898, walikuwa wamekwisha kumpoteza Askofu Cassian Spiss aliyeuawa wakati wa Maji Maji mwaka 1905. Vita Kuu ya Kwanza ilipomalizika, wamisionari Wajerumani waliondolewa Tanganyika, na kwa miaka kadhaa, hadi waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, maeneo makubwa ya kusini yalibaki na mapadre wachache wa mashirika mengine waliopita mara moja moja. Vigango havikufa. Katekista alikusanya watu Jumapili, wakasali rozari na litania, wakasoma, wakaimba, wakaenda nyumbani. Kizazi kilichokulia katika miaka ile kilijua Jumapili kama siku ya kukutana kusali, padre awepo asiwepo.

Wakati huohuo mapadre wazalendo walianza kupatikana, wawili wa kwanza Uganda mwaka 1913 na wa kwanza Tanganyika mwaka 1917. Wengi walitoka katika nyumba za makatekista au za Wakristo wa kwanza, na haishangazi.

Yaliyotoka Ulaya, 1844–1944

Haitakuwa haki kudai kwamba desturi zetu zote zilichipuka hapa. Rozari ilikuwa na karne nyingi kabla ya kufika kwetu. Salamu Maria zake 150 zilichukua nafasi ya zaburi 150 kwa watu wasiojua kusoma, na tangu 1883 Papa Leo XIII aliihimiza sana, akaufanya Oktoba kuwa mwezi wake. Ndiyo maana wamisionari waliofika miaka ile walikuja na rozari mifukoni na bidii ya pekee kuieneza. Ilifaa mazingira yetu kikamilifu, kwani haihitaji kitabu, taa wala padre.

Matoleo ya asubuhi, ile sala ya kumtolea Mungu kazi, furaha na taabu za siku inayoanza, yalienezwa na Utume wa Sala, ulioanza mwaka 1844 katika nyumba ya masomo ya Wajesuiti huko Vals, Ufaransa. Vijana waliokuwa wakisoma pale walichoshwa na vitabu na walitamani kwenda misheni mara moja. Mlezi wao, Padre François-Xavier Gautrelet, aliwaambia wawe wamisionari palepale walipo, kwa kumtolea Mungu kazi ya siku. Wazo hilo lilipofika mikononi mwa mama anayepalilia mahindi Kigoma lilikuwa limepata mtu wake. Yeye hakuwa na namna nyingine ya kuwa mtakatifu isipokuwa kwa jembe na ndoo.

Kisha Papa Pio X, mwaka 1905, akawahimiza waumini wapokee Komunyo mara kwa mara, hata kila siku, na mwaka 1910 akashusha umri wa Komunyo ya Kwanza hadi kiasi cha miaka saba. Hapo mafundisho ya watoto yakawa kazi kubwa ya kila parokia, na kwa kuwa mapadre hawakutosha, kazi ilirudi kwa katekista na kwa wazazi.

Mtu mmoja wa kipindi hiki anahitaji kutajwa kwa jina. Edel Quinn, binti wa Ireland mwenye kifua kikuu, alifika Nairobi mwishoni mwa 1936 akitumwa na Lejio ya Maria, chama kilichoanza Dublin mwaka 1921. (Kisichanganywe na kanisa la Legio Maria lililojitenga Nyanza miaka ya 1960.) Alizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland kwa gari bovu, akianzisha vikundi vidogo vya walei. Sharti la Lejio lilikuwa rahisi na gumu: kukutana kila wiki, kusali pamoja, kupewa kazi halisi ya kufanya kama kumtembelea mgonjwa au familia iliyofarakana, na wiki inayofuata kutoa taarifa mbele ya wenzako. Wengi walimwambia kwamba Waafrika, Wagoa na Wazungu hawatakaa katika chama kimoja, na kwamba walei hawataweza kazi ya kiroho bila kusimamiwa. Aliendelea. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, akiwa na umri wa miaka 36, na kaburi lake liko Msongari. Vikundi vyake viliwazoesha walei kuketi, kusali na kugawana kazi wao wenyewe, na maaskofu waliokuja baadaye walilikuta zoezi hilo tayari.

Jamaa, Katanga, 1953–1962

Katika makambi ya migodi ya Kolwezi, kwenye Kiswahili cha Katanga, lilitokea jambo ambalo Wakatoliki wengi wa Kenya na Tanzania hawajawahi kulisikia. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuandika kitabu chake mashuhuri juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianza mwaka 1953 kukutana na wafanyakazi wa mgodi na wake zao pale Musonoi. Hakuwahubiria. Aliwauliza wanatafuta nini maishani. Majibu yaliyorudi tena na tena yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Akajenga mafundisho yote juu ya hayo.

Kikundi kikaitwa Jamaa. Walijiunga wawili wawili, mume na mke, na hatua za kukua kiroho zilipitiwa na wote wawili pamoja. Mchimba madini aliyezoea kuitwa kwa namba na msimamizi wake sasa aliitwa baba, na mkewe mama, na padre naye akawa mmoja wa familia ile. Ndoa, ambayo katekisimu ya wakati ule iliitaja hasa kwa amri na makatazo, ikawa njia ya kumfikia Mungu: namna wanavyosalimiana asubuhi, wanavyokula, wanavyosameheana.

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi. Vikundi vingine vikapotoka katika mafundisho ya siri, na miaka ya 1970 maaskofu wakaweka masharti makali. Wako wanaohukumu Jamaa yote kwa mwisho huo. Mimi siafiki. Watu wale walidai kitu ambacho Kanisa zima lilikuja kukikubali muda si mrefu baadaye, kwamba kitanda cha ndoa na meza ya chakula ni mahali pa utakatifu, na walikidai kwa Kiswahili, wakiwa na vumbi la shaba mikononi.

Kutoka Mtaguso hadi jumuiya, 1962–1979

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifunguliwa Oktoba 1962, Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupewa ukardinali, akiwa miongoni mwa washiriki. Desemba 1963 ulifungua mlango wa lugha za watu katika liturujia. Mwaka 1964, wakati Mtaguso ukiendelea, Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, na mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Mtaguso juu ya Kanisa wenye sura nzima inayofundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa kila mbatizwa katika hali yake. Alipozuru Uganda mwaka 1969, Paulo VI aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari wao wenyewe.

Badiliko la lugha lilikuwa kubwa kuliko tunavyokumbuka. Kwa karibu miaka mia moja Misa ilikuwa kwa Kilatini, na waumini wengi walisali rozari yao wakati padre akiendelea altareni. Sasa maneno ya Jumapili na maneno ya nyumbani yakawa lugha moja. Masomo yaliyosikika kanisani yaliweza kurudiwa jioni kando ya moto na mtu akaeleweka.

Lakini hesabu ya mapadre haikupanda sawasawa na hesabu ya waumini. Wamisionari walipungua, watu wakaongezeka, na parokia zikafika vigango 15 na zaidi. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua tangu 1961 kujenga Kanisa juu ya jumuiya hai ndogo. Huku kwetu, parokia za Waluo katika Jimbo la Musoma zilikuwa zimeanza kujaribu vikundi vya ujirani katika miaka ya 1960. Mwaka 1973 mkutano wa AMECEA, umoja wa maaskofu wa Afrika Mashariki, uliofanyika Nairobi, uliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ambazo watu wanajuana kwa majina na kukutana katika maisha ya kila siku. Mwaka 1976 wakaliweka hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na mwaka 1979 wakakutana Zomba, Malawi, kupima hatua.

Tanzania ilikuwa na sababu zake za kulipokea wazo hili upesi. Tangu Azimio la Arusha la 1967 watu walikuwa wakisikia juu ya ujamaa na kujitegemea, na walikuwa wamezoea balozi wa nyumba kumi. Uhamisho wa vijiji wa miaka ya 1970 ulivunja vigango vingi na kuwaweka pamoja Wakristo wa asili tofauti katika viwanja vilivyopimwa jana. Jumuiya iliwapa mahali pa kuanzia. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyebatizwa akiwa kijana mwaka 1943, alikuwa mtu wa Misa ya kila siku hata akiwa Ikulu, na waumini waliliona hilo.

Jumuiya ilibadilisha maisha ya kiroho katika jambo moja mahususi: ilimpa mlei Biblia mkononi. Kabla yake, sala ya nyumbani ilikuwa ya kukariri. Sasa Jumamosi alfajiri kabla ya watu kwenda sokoni au shambani, viti vinapangwa sebuleni au mikeka uani, mshumaa unawashwa, Injili ya kesho inasomwa, na mama asiyewahi kusema kanisani anaeleza neno lililomgusa. Njia ya Hatua Saba iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, ilisaidia sana, kwani haimtaki mtu awe msomi. Baada ya hapo huulizwa nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Mchango unahesabiwa. Mtu anapewa jukumu na jina lake linaandikwa.

Tangu miaka ya 1990

Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ililiita Kanisa Familia ya Mungu, na jumuiya zikaonekana kuwa mahali ambapo familia hiyo inaishi. Radio Maria ilipoanza Tanzania mwaka 1996, rozari na Masifu viliingia katika vibanda vya maduka na kwenye baiskeli. Mwaka 2002 Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga, na bibi waliokuwa wamesali matendo 15 maisha yao yote wakayajifunza mapya kwa wiki chache, mara nyingi kwa kufundishwa na wajukuu.

Hata hivyo jumuiya zimepata uzito wa aina nyingine. Barua ya jumuiya inahitajika kwa ubatizo, ndoa na mazishi, hivyo wapo wanaohudhuria ili tu wasikwame siku ya haja. Ajenda ya michango imemeza muda wa Injili katika jumuiya nyingi za mijini. Wanaume hutuma bahasha. Vijana hawaji. Haya yanauma, kwa sababu kitu kilichoanzishwa ili mtu ajulikane kwa jina kinapogeuka daftari la madeni, maskini ndiye wa kwanza kujificha.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kenya na Uganda zilifunga makanisa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Nchini Tanzania serikali haikuzifunga nyumba za ibada. Kwa miezi kadhaa Wakatoliki wa Nairobi, Kisumu na Kampala walibaki na Misa ya runinga au ya simu, na pasipo hata hiyo walibaki na sala zao. Njia ya Msalaba ilisaliwa sebuleni. Ijumaa Kuu baba alisoma Mateso, mama akasoma sauti ya umati. Familia zilizokuwa na desturi ya sala ya jioni zilijua pa kuanzia. Nyingine, zikiwemo za waumini wakubwa wa Jumapili, ziligundua kwamba hazijawahi kusali pamoja hata siku moja.

Mwaka uliofuata, tarehe 10 Mei 2021, Papa Fransisko alitoa waraka wa Antiquum Ministerium na kuifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ndani ya Kanisa, yenye ibada yake ya kuwekwa na askofu. Kwa Afrika Mashariki huo ulikuwa utambuzi wa jambo lililokuwa likifanyika tangu siku za Kaggwa na Kalemba. Katika vigango vyetu katekista bado analima shamba lake katikati ya wiki, anafundisha wakatekumeni Jumamosi, anaongoza ibada Jumapili asipokuwepo padre, na anaitwa usiku kwa mgonjwa mahututi. Mavazi na cheti cha huduma mpya vinaweza kutolewa siku moja na askofu. Posho ya kumwezesha kusomesha watoto wake imebaki mikononi mwa kila parokia, na nyingi bado hazijaipanga.